Paradise Lost ya John Milton: toleo lenye maelezo, na sababu ya kutoliacha katikati

Kitabu ninachokitathmini hapa ni toleo la jalada jepesi la Paradise Lost, utenzi wa kidini wa mshairi Mwingereza John Milton, likiwa na utenzi wote, utangulizi wa mhariri, nambari za mistari pembeni na maelezo chini ya kila ukurasa. Nililipata kwa mmoja wa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara ya Tom Mboya, katikati ya Nairobi, na baada ya kupatana bei nililipa shilingi 350. Nakala mpya za matoleo ya namna hii hupatikana katika maduka ya vitabu ya jijini kwa bei ya juu zaidi, na asiye na haja ya maelezo anaweza kuusoma utenzi wenyewe bure kwenye mtandao, kwa kuwa hakimiliki yake ilikwisha zamani mno. Mnunuzi basi ana maswali mawili: utenzi huu una thamani gani kwa msomaji wa hapa kwetu, na je, maelezo ya mhariri yanastahili kulipiwa? Mimi nasema kitabu kinafaa kununuliwa, ila kwa sharti kwamba msomaji asiishie pale ambapo wengi huishia. Aliyekuwa na nakala yangu kabla yangu alipiga mistari ya penseli chini ya maneno yaliyompendeza, tena kwa bidii, na penseli hiyo inakoma ghafla katikati ya sehemu ya pili.

Milton aliuchapisha utenzi huu kwa mara ya kwanza mwaka 1667 ukiwa na vitabu 10, na katika chapa ya pili ya mwaka 1674, ambao ndio mwaka aliofariki, akaupanga upya kuwa vitabu 12 kwa kuvigawa viwili vilivyokuwa virefu. Hapa nitaviita sehemu, ili visichanganywe na kitabu kinachouzwa. Mistari yote inapita 10,000. Mshairi alikuwa kipofu kabisa tangu mwaka 1652, kwa hiyo aliutunga utenzi kichwani na kuwatamkia wengine wamwandikie. Na alikuwa mtu aliyeshindwa kisiasa, kwa sababu aliitumikia serikali iliyoshika madaraka baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, akaitetea kwa kalamu yake, kisha ufalme uliporudi mwaka 1660 ikambidi ajifiche, na hatimaye akakamatwa na kufungwa kwa muda. Mchapishaji alimlipa pauni 5 taslimu, pamoja na ahadi ya pauni 5 nyingine baada ya nakala 1,300 za kwanza kuuzwa. Utangulizi wa toleo hili unayaeleza hayo yote vizuri, na ni vyema kuyajua mapema, maana msomaji asiyeyajua atashangaa kumwona mtu aliyepinga ufalme duniani akitunga kisa ambacho mwasi wake mkuu anaupinga ufalme wa mbinguni na kulaaniwa kwa kufanya hivyo.

Kisa chenyewe si kigeni hapa kwetu. Sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo ina aya 24, na kila aliyepita katika shule ya Jumapili anaweza kuisimulia; Milton amezichukua aya hizo akazipanua mpaka zikabeba uasi wa malaika, vita vya mbinguni, uumbaji wa dunia na historia ya wanadamu hadi siku ya mwisho. Hata hivyo haanzi bustanini. Anaanza chini kabisa, kwenye ziwa la moto, ambako Shetani amelala akiwa ameduwaa kwa muda wa siku 9, mchana na usiku, kisha anazinduka, anamtambua mwasi mwenzake Beelzebuli kando yake na kuanza kusema. Na anasema vizuri mno. Hapo ndipo yalipo maneno yanayonukuliwa hata na watu ambao hawajawahi kukigusa kitabu hiki, kwamba ni heri kutawala jahanamu kuliko kutumika mbinguni, na kwamba nafsi ina makao yake yenyewe, ambamo jahanamu inaweza kufanywa mbingu na mbingu ikafanywa jahanamu.

Sehemu ya pili inatuingiza katika baraza la mashetani ndani ya Pandemonium, kasri ambalo wamelijenga kwa dhahabu waliyoichimba huko huko motoni. Anayefuatilia vikao vya wanasiasa wetu hahitaji tanbihi yoyote kuuelewa mkutano huu. Moleki anataka vita vya wazi bila kuchelewa. Beliali, msemaji mwenye ulimi mtamu na uvivu mwingi, anashauri watu watulie wasije wakaadhibiwa zaidi. Mamoni anaona hakuna haja ya kupigana wala kunung'unika, kwa kuwa jahanamu nayo ina madini na inaweza kuendelezwa. Kisha anasimama Beelzebuli na kutoa pendekezo la kwenda kumharibu kiumbe mpya anayesemekana kuumbwa, na mshairi anatunong'oneza kwamba wazo hilo lilikuwa la Shetani tangu mwanzo. Inapoulizwa nani atakwenda, ukumbi mzima unanyamaza. Shetani anajitolea, na papo hapo anainuka na kuufunga mjadala, asije mwingine akajitolea baada yake, akijua fika kwamba atakataliwa, na hivyo akajipatia sifa ya bure. Huo ni ujanja wa jukwaani uliochunguzwa na mtu aliyefanya kazi serikalini na kuona mikutano kwa macho yake.

Kwa sababu ya sehemu hizo mbili, wasomaji wengi wameamini kwamba Shetani ndiye shujaa wa utenzi. Mshairi William Blake alisema Milton alikuwa wa upande wa Ibilisi bila mwenyewe kujua, na kauli hiyo imerudiwa mno tangu hapo. Mhariri wa toleo hili ameitumia karibu nusu ya utangulizi wake kuizungukazunguka, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la toleo zima, kwa sababu linamfanya mnunuzi aingie akiwa tayari ameambiwa pa kutazama. Ukiusoma utenzi kwa mfuatano unaona jambo jingine kabisa: Shetani anashushwa hadhi hatua kwa hatua, mbele ya macho yako. Katika sehemu ya kwanza ni malaika mkuu ambaye mng'ao wake haujafifia wote. Katika sehemu ya tatu anajigeuza kuwa malaika kijana ili amdanganye Uriel, mlinzi wa jua. Katika sehemu ya nne anatua juu ya Mti wa Uzima kama ndege mnandi, halafu usiku anakutwa amejikunyata kama chura kwenye sikio la Hawa aliyelala, akimpulizia ndoto mbaya. Anapoingia ndani ya nyoka katika sehemu ya tisa, yeye mwenyewe anaona aibu kwamba aliyetaka kukaa na miungu sasa anajipaka ute wa mnyama. Na katika sehemu ya kumi anarudi jahanamu kutangaza ushindi, anamaliza hotuba, anangoja vifijo, na badala yake anasikia sauti ya nyoka kutoka kila upande, ambayo kwake ni kuzomewa hadharani, kwa kuwa wafuasi wake wote wamegeuzwa nyoka, naye pia. Wanauparamia mti wenye matunda mazuri, wanayatafuna, na vinywa vyao vinajaa majivu.

Kabla ya hayo, mwanzoni mwa sehemu ya nne, yupo peke yake mlimani, hana wa kumhutubia, na ndipo anapokiri yale aliyoyaficha barazani: kwamba Mungu hakumtendea lolote ila wema, kwamba utumishi wake haukuwa mzito, na kwamba popote anapokimbilia ni jahanamu kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye jahanamu. Msomaji Mwislamu atamlinganisha mara moja na Iblisi wa Kurani, aliyekataa kumsujudia Adamu kwa hoja kwamba yeye ameumbwa kwa moto na Adamu kwa udongo. Kwa Milton, kinyongo kinaanza mapema zaidi, kabla Adamu hajaumbwa, siku ambayo Mungu anamtangaza Mwana kuwa kichwa cha malaika wote na kuamuru kila goti lipigwe mbele yake. Shetani anaona amevunjiwa heshima, na usiku huo huo anaondoka na theluthi ya jeshi la mbinguni. Chanzo katika visa vyote viwili ni kiburi cha mtumishi wa zamani anayeona mwingine ametukuzwa mbele yake.

Kuhusu Mungu Baba kama mhusika sitasema mengi, kwa sababu hapo utenzi unalegea. Katika sehemu ya tatu anatoa hoja ndefu za kuonyesha kwamba mwanadamu aliumbwa na uwezo wa kutosha wa kusimama, ingawa yuko huru kuanguka, na kwamba kujua kwake mambo kabla hayajatokea hakukumlazimisha yeyote. Hoja zenyewe zina uzito, na bila hizo utenzi mzima haungesimama, lakini anayezisema anasikika kama wakili anayejitetea kabla hajashtakiwa. Mshairi Alexander Pope alilalamika zamani kwamba Milton amemfanya Mungu mwalimu wa theolojia. Aliye hai zaidi upande huo ni malaika mmoja mdogo, Abdiel, ambaye katika mkutano wa waasi anasimama peke yake kati ya maelfu, anamkanusha Shetani usoni, kisha anatoka akipita katikati ya dharau zao bila kugeuka. Milton alipokuwa akiitunga picha hiyo, serikali aliyoitumikia ilikuwa imekwisha kuanguka na wengi wa wenzake walikuwa wamehama upande. Vita vya siku 3 vya sehemu ya sita, pamoja na mizinga ambayo Shetani anaibuni, ni virefu kuliko vinavyostahili, na anayetaka kuviruka aviruke, ila asome siku ya tatu ambapo Mwana anapanda gari lake na kuwafukuza waasi peke yake. Asiuruke hata kidogo mlo wa mchana wa sehemu ya tano, ambapo malaika Rafaeli anakuja mgeni na Hawa anaandaa matunda kwa uangalifu wa mama anayejua kukirimu, na mshairi, ambaye husemwa kuwa hana mzaha, anatukumbusha kwamba hapakuwa na hofu ya chakula kupoa.

Sasa nifike kwenye kiini cha kitabu, ambacho ni Hawa.

Kuna mstari katika sehemu ya nne utakaowaudhi wasomaji wengi wa leo, na kwa haki, ambapo mshairi anasema Adamu aliumbwa kwa ajili ya Mungu tu, na Hawa kwa ajili ya Mungu aliye ndani ya Adamu. Milton hakuwa mtetezi wa usawa, na tanbihi za toleo hili hazimfichi. Lakini mtunzi wa kisa anaweza kumpa mhusika nafasi kubwa kuliko ile ambayo imani yake inamruhusu kuitamka, na ndivyo ilivyotokea hapa. Asubuhi ya siku ya kuanguka, katika sehemu ya tisa, ni Hawa anayependekeza wagawane kazi, kwa sababu wakifanya kazi pamoja wanatazamana, wanatabasamu, wanaanza mazungumzo, na jioni inafika bustani haijapogolewa. Adamu anaogopa adui aliyetajwa na Rafaeli. Hawa anaumia kwa kuona haaminiwi, na anamuuliza imani, upendo na wema vina maana gani iwapo havijajaribiwa bila msaada wa mwingine. Tanbihi inakumbusha kwamba Milton mwenyewe alikuwa ametoa hoja ya namna hiyo mwaka 1644 alipotetea uhuru wa kuchapisha vitabu, akisema hawezi kuusifu wema uliokimbia na kujifungia ndani. Kwa hiyo maneno ya Hawa ni maneno ya mwandishi, na msomaji hawezi kuyatupa kirahisi kama ukaidi wa mwanamke. Kwa tanbihi hiyo moja nilisamehe nusu ya utangulizi.

Adamu anamruhusu aende, kwa hoja kwamba akibaki bila hiari atakuwa mbali zaidi. Nyoka anampata Hawa akiinua mashina ya maua yaliyolegea, anamsifu, anajisingizia kwamba yeye amepata kusema kwa kula tunda, na Hawa anakula. Kinachofuata hakimo katika Mwanzo, na ndipo Milton anapoonyesha umahiri wake. Hawa anawaza kwanza kutomwambia Adamu, ili maarifa mapya yamfanye sawa naye, na pengine siku moja amzidi, kwa kuwa aliye chini yuko huru vipi? Kisha linamjia wazo la kifo: itakuwaje akifa, na Adamu aoe Hawa mwingine, aishi naye kwa furaha? Hapo anaamua kwamba Adamu lazima ale pia, liwe la heri au la shari, na uamuzi huo anauita upendo. Muda huo wote Adamu alikuwa akimsukia mkewe shada la maua. Anaposikia habari, shada linaanguka mkononi mwake na waridi zote zinapukutika zikiwa zimenyauka, na kabla hajafungua mdomo amekwisha kuamua moyoni kwamba hawezi kuishi bila yeye. Mshairi anasisitiza kwamba Adamu hakudanganywa, alikula akijua. Watu wawili wameanguka kwa sababu mbili tofauti, na utenzi unazipima zote mbili bila haraka.

Halafu unakuja ugomvi, na sijui maandishi ya zama hizo yanayoeleza ugomvi wa mume na mke kwa ukweli zaidi ya huu. Kila mmoja anamlaumu mwenzake. Hawa anafikia kumuuliza Adamu kwa nini hakumkataza kwa nguvu zaidi, na sehemu ya tisa inafungwa kwa kusema kwamba mashindano yao hayakuonekana kuwa na mwisho. Katika sehemu ya kumi Mwana anashuka kuwahukumu. Adamu, akiulizwa, anazunguka kwa mistari mingi, anaeleza jinsi asivyotaka kumtaja mkewe, kisha anamtaja. Hawa, akiulizwa, anajibu kwa mstari mmoja tu: nyoka alinidanganya, nikala. Urefu wa majibu hayo mawili unatosha kumwonyesha msomaji nani bado anajificha. Usiku unapoingia Adamu analala chini, analaani siku aliyoumbwa, anamuuliza Muumba kama yeye ndiye aliyeomba kufinyangwa kutoka udongoni; na Hawa anapomkaribia anamfukuza, akimwita nyoka, na kuendelea kuwatukana wanawake wote ambao hawajazaliwa bado.

Hawa haondoki. Anaangukia miguu yake, machozi yakimtoka na nywele zikiwa zimetimka, anamsihi asimwache, anasema wote wawili wametenda dhambi, lakini yeye Adamu amemkosea Mungu pekee, ilhali Hawa amemkosea Mungu na Adamu pia. Na kwamba atarudi mahali pa hukumu aombe adhabu yote iondolewe kichwani mwa mumewe imshukie yeye, yeye peke yake. Hapa ndipo msomaji aliyevumilia anapolipwa. Katika utenzi huu wote kuna wahusika watatu wanaojitolea. Shetani anajitolea katika sehemu ya pili, kwa ajili ya sifa. Mwana anajitolea katika sehemu ya tatu, akisema hasira ya Baba imwangukie yeye badala ya mwanadamu. Na Hawa anajitolea katika sehemu ya kumi, kwa maneno yanayorudia yale ya Mwana karibu kabisa, ingawa hakuwahi kuyasikia. Adamu, mwenye akili na hoja, alikuwa amekwama ndani ya hoja zake. Ni mkewe aliyeanza toba, na toba hiyo ikamlainisha mume, wakasameheana, na baadaye wakaenda pamoja mahali pale pale pa hukumu kuomba. Hawa anapopendekeza wajinyime watoto au wajiue ili wasilete kizazi cha kufa, ni Adamu anayemrudisha kwenye matumaini, kwa hiyo hata hapo mmoja anakamilisha alichoanza mwingine. Mhariri wetu, aliyejaza kurasa juu ya Shetani, amempa Hawa aya mbili.

Sehemu mbili za mwisho, ambapo malaika Mikaeli anamwonyesha Adamu historia ijayo, zinachosha, na mhakiki Samuel Johnson aliposema hakuna aliyewahi kutamani utenzi huu uwe mrefu zaidi, nadhani alikuwa ametoka kuzisoma. Yapo mambo mazuri humo: mauaji ya Habili, yanayompa Adamu picha ya kwanza ya kifo anachokisikia tu kwa jina, na hasira ya mshairi dhidi ya Nimrodi, mtu wa kwanza kujifanya bwana juu ya binadamu wenzake. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili kuna mshangao katika sehemu ya kumi na moja. Mikaeli anampandisha Adamu juu ya kilima kirefu kuliko vyote vya bustani, na kutoka hapo macho yake yanaona falme zitakazokuja: China, India, Urusi, milki ya Negus wa Uhabeshi hadi bandari yake ya mwisho, kisha wafalme wadogo wa pwani, Mombasa, Kilwa na Malindi, na Sofala iliyodhaniwa kuwa Ofiri ya dhahabu, na kuendelea hadi Kongo na Angola. Milton hakuwahi kufika Afrika. Majina hayo aliyapata vitabuni, wakati ambapo Wareno walikuwa bado wanaishikilia Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Miji ya Waswahili, basi, ilikuwamo ndani ya macho ya Adamu katika London ya mwaka 1667, ingawa rafiki yangu mmoja mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, hakufurahia neno wadogo. Mhariri ameipitia mistari hiyo kwa tanbihi moja inayosema kuwa hiyo ni miji ya Afrika Mashariki, basi.

Nimelitaja hilo kwa sababu hapa hapa Nairobi, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Wapo wanaodhani kwamba baada ya waraka huo kumsoma Milton ni usaliti. Hoja ya waraka ilihusu nani akae katikati na nani aangaliwe kutoka katikati hiyo, na msomaji aliyelelewa na tenzi za pwani ana mahali pazuri pa kumwangalia Milton. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 inahusishwa na kisiwa cha Pate, ni utenzi wa vita na dini kama huu, na tenzi zetu hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kuomba kalamu na wino, jambo ambalo Milton naye analifanya kwa namna yake, akimwomba Roho amwangazie kilicho giza ndani yake.

Panapotofautiana ni kwenye umbo. Utenzi wetu huenda kwa vipande vya mizani 8 vyenye vina, na kila ubeti hupumua mwisho wake. Milton anatumia mizani 10 bila vina hata kidogo, na aliongeza dibaji fupi kueleza kwamba vina ni kifungo kisichohitajika. Waliokua wakisikia malumbano yetu kuhusu mashairi huru na guni, yaani mashairi yasiyofuata kanuni za vina na mizani, watatabasamu. Sentensi yake ya kwanza inachukua mistari 16, na kitenzi kikuu hakionekani mpaka mstari wa sita. Anayesoma kimya atapotea. Dawa ni kusoma kwa sauti, bila kusimama mwisho wa mstari, hadi kwenye alama ya kituo, na hapo maana inajipanga. Kwa hiyo hiki si kitabu cha kusoma kwenye matatu ya kwenda Rongai, labda uwe na mtu anayekusomea masikioni.

Kuhusu toleo lenyewe kama bidhaa: karatasi ni nyepesi, gundi ya mgongo imeshika, maandishi ya utenzi yanasomeka, lakini tanbihi zimechapwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba usiku wa stima kupotea hazifai kitu. Muhtasari wa nathari ulio mwanzoni mwa kila sehemu, ambao Milton mwenyewe aliuandika ili kuwasaidia wasomaji, umewekwa mahali pake, na nashauri usomwe kila mara. Utangulizi uachwe mpaka mwisho. Mwanafunzi wa fasihi, mhubiri, na yeyote anayejua Mwanzo vizuri watafaidika bila kusukumwa. Asiyezoea Kiingereza cha kale aanze na sehemu ya tisa na ya kumi, akizipenda ndipo arudi mwanzo. Muuzaji wangu alikuwa na nakala nyingine mbili za utenzi huu, zote zisizo na tanbihi, kwa shilingi 150 kila moja. Kwa msomaji wa mara ya kwanza sizipendekezi, kwa kuwa tofauti ya shilingi 200 itarudi kabla hajamaliza orodha ya miungu ya sehemu ya kwanza.